NAFASI YA KIPIMO CHA PAP KATIKA KUKABILI SARATANI YA MLANGO WA KIZAZI: MFANO WA MITAA YA EASTLANDS, NAIROBI

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii hutajwa mara nyingi katika mijadala ya afya hadi ikaonekana kuchujuka, lakini ni vigumu kupata maradhi yanayoithibitisha kuliko saratani ya mlango wa kizazi. Maradhi haya huanza kama ufa mdogo usioonekana kwa macho wala kuhisiwa mwilini. Kwa kawaida hupita miaka 15 hadi 20 kabla ya ufa huo kuwa saratani kamili, na katika muda huo wote upo uwezekano wa kuuziba kwa tiba ya dakika chache. Hata hivyo, kwa mujibu wa makadirio ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, mwaka 2020 wanawake zaidi ya 5,200 nchini Kenya walipatikana na saratani hii na zaidi ya 3,200 wakafariki kutokana nayo. Je, kwa nini maradhi yanayoweza kuzuilika yaendelee kuua kwa kiasi hicho?

Makala hii inaeleza nafasi ya kipimo cha Pap katika uchunguzi na matibabu ya saratani hiyo, kwa kurejelea mitaa ya Eastlands jijini Nairobi. Hoja yake ya msingi ni kwamba kipimo cha Pap hakitafuti saratani yenyewe, bali mabadiliko yanayoitangulia. Kwa hivyo walengwa wake ni wanawake wasioumwa, na faida yake haikamiliki mpaka mwanamke apewe majibu yake, ayaelewe, na arudi kutibiwa inapobidi. Kuelewa huko ni suala la tiba, lakini pia ni suala la lugha. Ndiyo sababu linawahusu wanafunzi na walimu wa Kiswahili.

Mlango wa kizazi na chanzo cha saratani yake

Mlango wa kizazi ni ile sehemu ya chini ya mfuko wa uzazi, iliyo nyembamba, inayotokeza upande wa juu wa uke. Nchini Tanzania sehemu hii hujulikana zaidi kama shingo ya kizazi. Majina yote mawili yanafaa: ni shingo kwa umbo na ni mlango kwa kazi, kwa kuwa damu ya hedhi hutokea hapo na mtoto hupitia hapo anapozaliwa. Katika mlango huo upo mpaka ambapo chembe za aina ya nje hukutana na chembe za aina ya ndani. Ni katika eneo hilo la mpaka ambapo saratani nyingi za mlango wa kizazi huanzia.

Neno saratani lilitoka katika Kiarabu, ambako maana yake ya asili ni kaa, yule mnyama wa pwani mwenye miguu mingi. Wagiriki na Warumi wa kale nao waliupa ugonjwa huu jina la kaa. Taswira hiyo inaogofya, na imewafanya wengi waamini kwamba saratani ni kitu kinachomvamia mtu ghafla na kumng'ang'ania. Kwa saratani ya mlango wa kizazi taswira hiyo inapotosha, kwa kuwa kaa huyu hutembea polepole mno, na nyayo zake husomeka miaka mingi kabla hajafika.

Chanzo cha saratani hii kinajulikana. Mwaka 1983 na mwaka uliofuata, mtafiti Mjerumani Harald zur Hausen na wenzake walizitambua aina mbili za virusi vya papiloma, yaani HPV, ambazo hupewa namba 16 na 18. Aina hizo mbili husababisha takribani asilimia 70 ya saratani zote za mlango wa kizazi duniani. Kwa kazi hiyo zur Hausen alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Virusi hivi huambukizwa kwa njia ya kujamiiana, na watu wengi waliowahi kujamiiana huvipata wakati fulani maishani. Basi kupatikana navyo si ushahidi wa uasherati. Aghalabu kinga ya mwili huviondoa katika muda wa mwaka mmoja au miwili. Pale vinapong'ang'ania kwa miaka ndipo huanza kubadilisha chembe. Kwa mwanamke anayeishi na virusi vya UKIMWI, hatari ya kupata saratani hii ni takribani mara sita zaidi, na safari ya kuifikia huweza kufupika hadi miaka 5 au 10.

Asili ya kipimo cha Pap

Jina Pap ni ufupisho wa jina la daktari George Papanicolaou, aliyezaliwa mwaka 1883 katika mji wa Kymi nchini Ugiriki na kuhamia Marekani mwaka 1913. Akifanya kazi New York, alichunguza chembe zinazobambuka zenyewe kutoka sehemu za uzazi za mwanamke. Mkewe, Andromache, alijitolea kutoa sampuli zake kwa miaka mingi ili mumewe ajifunze sura ya chembe zenye afya. Kutokana na kuijua sura hiyo, Papanicolaou aliweza kutambua chembe zisizo na afya.

Alipotangaza matokeo yake mwaka 1928, wenzake hawakuyatilia maanani. Waliona hakuna haja ya kutazama chembe chache zilizobambuka ilhali kipande cha nyama kingeweza kukatwa na kupimwa. Mtazamo ulibadilika baada ya mwaka 1943, Papanicolaou na mtaalamu wa magonjwa ya wanawake Herbert Traut walipochapisha kitabu kuhusu kipimo hicho. Waliokipinga mwanzoni walikuwa wakifikiria mgonjwa, ilhali kipimo hiki kilimfaa zaidi mtu ambaye bado hajawa mgonjwa.

Namna kipimo kinavyofanywa

Mwanamke hulala chali kitandani na kukunja magoti. Mhudumu huingiza ukeni kifaa kiitwacho spekulamu, chenye umbo linalokaribia mdomo wa bata, ambacho hupanua njia ili mlango wa kizazi uonekane. Kisha hutumia kijiti bapa au brashi ndogo kukwangua chembe chache kutoka eneo la mpaka lililotajwa. Hakuna kisu wala sindano. Wanawake wengi huhisi kubanwa kidogo, na wengine hutokwa na matone ya damu kwa muda mfupi. Shughuli yote huchukua dakika chache.

Chembe hizo hupakwa juu ya kioo chembamba na kuhifadhiwa kwa alkoholi, au hutiwa katika chupa yenye kimiminiko maalumu. Baadaye hupelekwa maabara, zikatiwa rangi na kutazamwa kwa hadubini na mtaalamu aliyefunzwa kusoma chembe. Kwa hivyo kipimo hiki kina nusu mbili: ya kwanza hufanyika chumbani mwa kliniki, mwanamke akiwapo; ya pili hufanyika maabara, mwanamke akiwa amekwisha rudi nyumbani. Katika pengo hilo kati ya kliniki na maabara ndimo wanawake wengi hupotelea.

Inapendekezwa mwanamke asifanyiwe kipimo akiwa katika hedhi, na asitumie dawa za kutia ukeni katika siku mbili zinazotangulia. Shirika la Afya Duniani linapendekeza uchunguzi uanze katika umri wa miaka 30 kwa wanawake wote, na miaka 25 kwa wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Panapotumika kipimo cha Pap, hurudiwa kila baada ya miaka 3. Sababu ya kurudia ni kwamba kipimo kimoja huweza kupitwa na mabadiliko yaliyopo. Kwa kuwa ugonjwa hutembea polepole, kile kilichopitwa leo huweza kunaswa safari ijayo.

Majibu na maana yake

Kipimo cha Pap hufanya kazi ya chekeche. Mpishi anayechekecha unga hahukumu kila kinachobaki juu ya wavu kuwa ni uchafu. Anakitenga tu ili akitazame vizuri zaidi. Vivyo hivyo, kipimo hiki huwatenga wanawake wachache wanaohitaji kuchunguzwa zaidi kutoka kwa wengi ambao hawahitaji. Hakimwambii mwanamke kwamba ana saratani.

Majibu ya kawaida humaanisha kwamba chembe zilizotazamwa hazikuonyesha tatizo. Majibu yasiyo ya kawaida yana viwango. Mabadiliko ya daraja la chini mara nyingi hutoweka yenyewe, na mwanamke huhitaji tu kufuatiliwa. Mabadiliko ya daraja la juu yana uwezekano mkubwa zaidi wa kuendelea hadi kuwa saratani yakiachwa, na hapo mwanamke hupelekwa kwenye uchunguzi wa kolposkopi. Daktari hutazama mlango wa kizazi kwa kifaa cha kukuza, na akiona eneo la kutiliwa shaka huchukua kipande kidogo cha nyama kwa ajili ya maabara. Ni kipande hicho kinachothibitisha hali halisi.

Ifahamike pia kwamba mwanamke anayetokwa na damu baada ya kujamiiana, au baada ya kukoma hedhi, au mwenye uchafu ukeni wenye harufu mbaya usiokwisha, si wa kusubiri zamu ya uchunguzi wa kawaida. Huyo ana dalili, na anahitaji kuonwa na daktari mara moja hata kama kipimo chake cha Pap cha mwaka uliotangulia kilikuwa kizuri.

Nafasi ya kipimo katika matibabu

Kipimo cha Pap hakitibu, lakini huamua ni tiba ya aina gani itakayohitajika. Mabadiliko yakigunduliwa kabla ya saratani, eneo lililoathirika huweza kugandishwa kwa baridi kali ya gesi, kuunguzwa kwa kifaa chenye joto, au kukatwa kwa kitanzi cha waya unaopitisha umeme. Tiba hizi kwa kawaida hufanyika bila kulazwa hospitalini, na mfuko wa uzazi hubaki mahali pake. Baada ya hapo mwanamke hurudi kuchunguzwa tena, kwa kawaida baada ya mwaka mmoja.

Mabadiliko yasipogunduliwa, hali hugeuka. Saratani ikiwa changa huhitaji upasuaji, ambao mara nyingi ni wa kuondoa mfuko wa uzazi. Ikiwa imeenea, hutibiwa kwa mionzi pamoja na dawa za kemikali, kwa wiki kadhaa na kwa gharama kubwa. Kati ya tiba ya dakika chache na tiba ya wiki nyingi, tofauti mara nyingi ni kipimo kilichofanywa au kilichokosa kufanywa miaka kumi iliyotangulia.

Hali katika mitaa ya Eastlands

Eastlands ni jina la jumla la mitaa iliyo mashariki mwa kitovu cha jiji la Nairobi: kuanzia Pumwani, Shauri Moyo na Kaloleni, kupitia Jericho na Buruburu, hadi Umoja, Kariobangi, Dandora na Kayole. Baadhi ya mitaa hiyo ilijengwa zama za ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika, na mingine baada ya uhuru. Hospitali ya Uzazi ya Pumwani ilianzishwa mwaka 1926, na Hospitali ya Mama Lucy Kibaki huwahudumia wakazi wengi wa upande wa Embakasi. Zaidi ya hizo vipo vituo vya afya katika mitaa mingi.

Hapa pana kitendawili. Mwanamke wa Eastlands hayuko mbali na kliniki. Huenda huko akiwa mjamzito, hurudi kujifungua, hurudi tena kumchanja mtoto, na pengine hurudi kwa ajili ya kupanga uzazi. Pamoja na hayo, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kwamba ni wanawake takribani 16 tu kati ya kila 100 wa umri wa miaka 30 hadi 49 nchini Kenya waliokuwa wamewahi kuchunguzwa saratani hii. Ni wazi basi kwamba umbali peke yake si sababu. Mwanamke hufika kliniki kwa ajili ya mtoto. Hana mazoea ya kufika kwa ajili yake mwenyewe, hasa ikiwa haumwi popote.

Chukua mfano wa mwanamke anayeuza mboga Kayole. Akifunga kibanda kwa siku moja, mapato ya siku hiyo hayapo. Akipimwa Pap, huambiwa arudi baadaye kuchukua majibu, kwa kuwa kioo chake kimepelekwa maabara na wataalamu wa kukisoma ni wachache. Siku ya kurudi ni siku nyingine ya kufunga kibanda. Majibu yakiwa na shaka, hupewa barua ya kwenda hospitali kubwa, pengine Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, ambako atapanda matatu hadi mjini na nyingine kutoka mjini. Hiyo ni siku ya tatu. Kila hatua humtaka mtu asiyeumwa aache kazi kwa sababu ya ugonjwa ambao hajaambiwa kwamba anao. Haishangazi kwamba wengine hawarudi.

Kwa sababu hiyo, vituo vingi vya umma vimekuwa vikitumia njia ya kupaka mlango wa kizazi asidi hafifu ya siki na kutazama kwa macho. Eneo lenye mabadiliko hugeuka jeupe baada ya dakika moja hivi, na mwanamke anayefaa huweza kutibiwa siku iyo hiyo. Njia hii ni nafuu na majibu yake ni ya papo kwa papo, lakini hutegemea sana jicho la mhudumu, na haiwafai vyema wanawake waliokoma hedhi kwa kuwa eneo la mpaka huwa limerudi ndani. Isitoshe, mwongozo wa kitaifa wa mwaka 2018 na mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 yamekipa kipaumbele kipimo cha kutafuta virusi vyenyewe vya HPV, ambacho mwanamke huweza kujichukulia sampuli mwenyewe. Kipimo cha Pap hakijapoteza nafasi yake: bado hutumika penye maabara, na huweza kusaidia kubainisha ni nani kati ya waliopatikana na virusi anayehitaji uchunguzi zaidi.

Kwa upande wa kinga, Kenya ilianza mwezi Oktoba 2019 kuwachanja wasichana wa umri wa miaka 10 dhidi ya HPV. Nairobi ilikuwa pia miongoni mwa vituo vya utafiti wa KEN SHE, uliowahusisha wasichana na wanawake vijana 2,275 nchini Kenya na kuonyesha, katika matokeo ya mwaka 2022, kwamba hata dozi moja ya chanjo hukinga kwa kiwango cha juu sana. Hata hivyo, chanjo ya binti haimwondolei mama yake haja ya kuchunguzwa.

Tafsida na istilahi katika chumba cha uchunguzi

Kiswahili kina hazina kubwa ya tafsida kuhusu mwili, na tafsida ni adabu. Lakini adabu hiyo huweza kuficha kile ambacho mgonjwa anahitaji kukijua. Mwanamke akiambiwa kwamba atapimwa "sehemu za siri", hajui kama ni ngozi, uke, au mfuko wa uzazi unaohusika. Maneno "njia ya uzazi" nayo hutumiwa kwa viungo kadhaa kwa pamoja. Neno "kizazi" lina utata mkubwa zaidi: ni mfuko wa uzazi, na pia ni uzao wa mtu. "Kutolewa kizazi" kwa hivyo husikika kama kukatiwa uzao. Mwanamke anayesikia habari za kutibiwa mlango wa kizazi huweza kudhani kwamba kizazi chenyewe kitaondoka, kumbe tiba ya mapema ndiyo inayokinusuru.

Kitenzi "kupima" nacho kinahitaji kuangaliwa. Hutumika kwa uchunguzi wa mtu mzima wa afya na kwa uthibitisho wa ugonjwa wa mgonjwa, bila kutofautisha. Tangu enzi za kampeni za UKIMWI, "kupimwa" kumezoeleka kuwa na majibu mawili tu: unao au huna. Mwanamke mwenye mtazamo huo akiambiwa, "Mama, majibu yako si ya kawaida," husikia kwamba anao. Wengine hukimbilia maombi, wengine hunyamaza, na miaka iliyobaki ya kuziba ufa hupotea.

Tiba ya kasoro hii si ngumu. "Uchunguzi wa awali" ungetengwa na "uthibitisho wa ugonjwa", na "mabadiliko ya kabla ya saratani" yakatajwa hivyo kwa ukamilifu wake. Mhudumu angeweza kusema: "Mama, kipimo hiki hakitafuti saratani. Kinatafuta chembe zilizoanza kubadilika, ili tuzitibu kabla hazijawa saratani. Nikikuita urudi, si kwamba unakufa. Ni kwamba tumewahi." Hakuna neno gumu katika sentensi hizo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, na Ibara ya 43 inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa, ikiwemo afya ya uzazi. Haki hiyo ni pungufu ikiwa majibu yatatolewa kwa lugha ambayo mwenye mwili haielewi.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba kipimo cha Pap ni chekeche cha kuwatenga wanaohitaji uangalizi zaidi, wala si hukumu. Kwamba humlenga mwanamke asiyeumwa. Na kwamba nguvu yake imo katika kurudi. Ufini na baadhi ya nchi nyingine za Nordiki, zilizoanzisha uchunguzi wa kitaifa miaka ya 1960, zilipunguza sana vifo vya saratani hii kwa kuwaita wanawake kwa mpangilio na kuwafuatilia waliokuwa na majibu ya shaka. Shirika la Afya Duniani liliweka mwaka 2020 shabaha kwamba ifikapo mwaka 2030 asilimia 90 ya wasichana wawe wamechanjwa, asilimia 70 ya wanawake wawe wamechunguzwa, na asilimia 90 ya wanaopatikana na tatizo wawe wametibiwa.

Kwa wauguzi wa Pumwani na Kayole, kazi hiyo huhitaji vifaa, maabara na fedha. Kwa wanafunzi wa Kiswahili, huhitaji istilahi zilizo wazi, tafsiri sahihi za vikaratasi vya kliniki, na ujasiri wa kuutaja mwili kwa heshima bila kuuficha. Mwanamke aliyeelewa majibu yake ndiye atakayefunga kibanda siku moja na kurudi.